Kabla ya kugombania mamlaka kanisani, soma Matendo 15 yote

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 15:1–35

Ubishi ukizuka juu ya nani mwenye neno la mwisho kanisani, kila upande hukimbilia mstari wake katika sura hii. Mpresbiteri, ambaye kanisa lake huongozwa na wazee, hushika mstari wa 6, wazee wamekaa kikao na mitume. Mwanglikana, mwenye askofu, husogea hadi wa 19, Yakobo anaposema "mimi naamua". Mbaptisti, ambaye ushirika wake hujitawala, yeye hungoja wa 22, ambapo kanisa lote linaridhia. Wote wamesoma sawasawa, ila kila mmoja amefunga Biblia mapema.

Tazama mambo yalivyokwenda. Watu wametoka Uyahudi kufundisha Antiokia kwamba bila tohara hakuna wokovu. Ushirika haukugawanyika, ulituma wajumbe Yerusalemu. Huko hoja zikawa nyingi, wala hakuna aliyezizima. Petro akakumbusha Mungu alivyowapokea watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, Barnaba na Paulo wakashuhudia, ndipo Yakobo akafungua nabii Amosi na kutoa shauri. Uamuzi ulikuja mwisho, baada ya ushuhuda na Maandiko.

Majina ya vyeo nayo yasituchonganishe. Katika Matendo 20:17 Paulo anawaita wazee wa Efeso. Katika mstari wa 28 anawaita watu walewale waangalizi. Kwa Kigiriki ni episkopos, neno ambalo katika Tito 1:7 Biblia yetu inaliandika "askofu", mistari miwili tu baada ya kutaja wazee. Mwanzoni mwa karne ya 2, barua za Ignatio, askofu wa Antiokia, tayari zinamtaja askofu mmoja akiwa na wazee na mashemasi chini yake. Kwa hiyo kumwambia jirani kwamba utaratibu wa kanisa lake ulibuniwa juzi si haki.

Kila utaratibu una mahali unapopasukia. Penye askofu, hatari ni sinodi, yaani mkutano wa maamuzi wa kanisa, kugeuka kikao cha kupiga makofi. Waanglikana huketisha maaskofu, makasisi na walei katika sinodi moja ili mashauri yasikike kutoka pande zote. Walei wakipewa taarifa ya fedha asubuhi ileile ya kikao, watauliza nini? Penye wazee, shauri hupanda kutoka baraza la wazee hadi presbitari, yaani baraza la makanisa ya eneo, kisha Mkutano Mkuu. Njia hiyo humlinda mnyonge, lakini ni ndefu, na wazee wa ukoo mmoja wakijaa barazani hata rufaa haianzi.

Kanisa linalojitawala ndilo linaloumia zaidi kwenye mali. Washirika wanachanga, kiwanja kinanunuliwa, hati inaandikwa jina la mchungaji "kwa muda". Mchungaji akifariki, warithi wanadai nyumba ya ibada, na juu ya ushirika hakuna baraza la kuamua. Shauri linaishia mahakamani. Tanzania njia ipo: kusajili bodi ya wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na hati iandikwe kwa jina la bodi. Lifanyeni kabla tofali la kwanza halijawekwa, mchungaji akiwa hai na watu wakiwa bado wanapendana.

Paulo mwenyewe hakubeba sadaka peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:16–23 anawatuma Tito na ndugu wawili, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa. Sababu anaitaja wazi: mtu asije akawalaumu. Mtume, mwenye mamlaka yote aliyokuwa nayo, alitaka macho ya wengine juu ya fedha ile. Basi sadaka ya Jumapili ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, waandike na kutia sahihi palepale kabla fedha haijatoka jengoni.

Rudi sasa Matendo 15, mstari wa 27 na wa 30. Uamuzi uliandikwa barua. Yuda na Sila wakatumwa kuyaeleza yaleyale kwa kinywa, na kule Antiokia barua haikuishia mikononi mwa viongozi: mkutano wote ulikusanywa kwanza, ndipo ikatolewa. Walipoisoma wakafurahi.