Hodhi la chuma la kale na tamaa ya weupe

Julai, Nairobi. Baridi ya mwezi huu si rafiki wa rangi, na pengine ni heri, maana inampa mtu muda wa kulitazama hodhi la kuogea vizuri kabla ya kushika msasa. Nyumba za zamani za Kileleshwa na Kilimani zinabomolewa kupisha magorofa, na mahodhi ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hutolewa pamoja na milango na mbao za paa. Mengine huishia kunyweshea ng'ombe. Mengine huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na hilo linauma kidogo.

Ukilikuta moja, usitegemee sumaku peke yake, kwa sababu hunasa hata kwenye hodhi la bati la chuma. Ligonge kwa vifundo vya vidole. La bati hulia kama sufuria. La kusubu hujibu kwa mlio mzito unaokufa papo hapo. Kisha jaribu kuinua upande mmoja. La futi tano lina kilo 110 hadi 150, pengine zaidi, kwa hiyo ni kazi ya watu wanne hadi sita, mbao za kutelezeshea na godoro kuukuu kwenye pikapu. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Hodhi likianguka kwa kona moja, mambo yameisha: kulichomelea ni shughuli ngumu, na joto la kuchomelea huibandua enameli, ule weupe wa ndani, iliyo karibu.

Weupe wa ndani si rangi. Ni unga wa kioo ulionyunyiziwa chuma kikiwa chekundu kwa moto, ukayeyuka na kushikamana nacho. Hakuna fundi atakayeurudisha huo bafuni kwako. Chochote kitakachopakwa leo ni rangi ya vikopo viwili vinavyochanganywa, mara nyingi epoksi, nayo ina umri wake. Ndiyo maana enameli ya asili iliyochakaa kidogo ni bora kuliko rangi mpya inayong'aa. Wengi hawataki kusikia hili. Wanataka weupe wa picha.

Angalia ule mchirizi wa kahawia unaoanzia chini ya mfereji hadi kwenye tundu la kutolea maji. Pitisha kidole. Pakiwa laini, hilo ni doa tu. Pakikwaruza kama ulimi wa paka, asidi au unga wa kusugulia umeshaula mng'ao. Ukucha ukinasa ukingoni na katikati pakawa peusi au pekundu kwa kutu, enameli imebanduka hadi kwenye chuma.

Doa huondolewa kwa uvumilivu. Anza na uji mzito wa magadi kutoa mafuta ya sabuni, suuza, kisha tandika kitambaa chenye siki au maji ya limau kwa dakika 15, usuuze tena. Usikiache kilale hapo, kwa sababu enameli ya kale haihimili asidi kwa muda mrefu. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ziache jikoni: huacha vipande vinavyoota kutu, nawe utaanza upya. Palipobanduka, kwangua kutu yote, futa kwa asetoni, jaza epoksi ya kurekebishia enameli kwa tabaka nyembamba, na upe kila tabaka muda ulioandikwa kwenye kopo.

Ikibidi kupaka lote, toa kwanza pete ya shaba ya tundu la maji. Rangi ikiishia kwenye ukingo wa pete, maji hupenya hapo na kuanza kuibandua. Ondoa silikoni yote iliyoziba kingo, hata ile usiyoiona, kwani rangi haishiki juu yake. Piga msasa namba 120, kisha 240, kwa maji na si mkavu: enameli ya zamani na rangi ya nje huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Suuza, kausha, futa kwa asetoni. Mifereji inayodondoka ifungwe au ifunikwe. Tone moja usiku huacha alama ya kudumu. Fungua madirisha, zima moto wa gesi, vaa barakoa ya mvuke. Mikono miwili au mitatu myembamba ya rangi inatosha. Mzito hutiririka na kukaukia juu tu. Epoksi nyingi hazipendi joto chini ya nyuzi 15, na usiku wa Julai hapa hushuka hadi 12 hivi. Kama huwezi kupasha chumba joto, subiri Septemba. Baada ya kupaka, ngoja wiki nzima kabla ya kuoga.

Nje ni rahisi: brashi ya waya (nayo kwa maji, kwa sababu ya risasi), kausha, dawa ya kutu, praima siku hiyohiyo, rangi ya mafuta. Ila miguu ya simba, ile yenye umbo la nyayo za simba inayobeba hodhi, iandike namba kabla ya kuitoa. Kila mmoja ulichongewa mahali pake, na ukiichanganya hodhi litayumba.

Kuhusu sakafu, piga hesabu: hodhi kilo 130, maji lita 150, mtu kilo 75. Hizo ni zaidi ya kilo 350 juu ya miguu minne. Zege la chini halitajali. Sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani ikaguliwe, na chini ya kila mguu pawe na kipande cha mbao ngumu ili vigae visipasuke.

Halafu maji moto, jambo linalosahaulika hadi siku ya mwisho. Shawa ya umeme ya kilowati 5 hutoa karibu lita 3 na nusu za joto la kuogea kwa dakika. Kujaza hodhi kutachukua zaidi ya dakika 40, na maji ya mwanzo yatakuwa yamepoa. Hita ya tangi ya lita 100 yenye maji ya nyuzi 60 inatosha, kwa kuwa lita 80 hivi zikichanganywa na baridi zinafikisha 150. Ya lita 50 haifiki.

Hodhi la Uingereza kwa kawaida huchukua pete ya inchi 1½ na mifereji ya inchi ¾, saizi zinazopatikana madukani. Ukishaunganisha, tandaza gazeti chini ya bomba, jaza hadi tundu la juu la kuzuia kufurika, acha saa nzima, kisha fungulia yote kwa mpigo. Gazeti likilowa maji yakiwa yamesimama, ni pete. Likilowa yakitoka, ni bomba.