Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa hataza na kisanduku cha faiba

Watu wakisikia nafanya kazi ya hataza, swali la kwanza huwa ni shamba. Wanadhani nashughulika na hatimiliki za ardhi. Shemeji yangu alinisubiri sebuleni Krismasi iliyopita, ramani ya ploti yake ya Kajiado ameikunja vizuri ndani ya bahasha, anataka nimfuatilie. Nikamweleza: mtu akivumbua kitu, akataka sheria impe haki ya kukitengeneza na kukiuza peke yake kwa miaka 20, faili lake hufika mezani pangu, nami hupima kama anastahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku nzima huwa nimekaa tu.

Swali lile limenikaa rohoni tangu siku hiyo, ndiyo maana naandika. Siri za waombaji ni amana, kwa hiyo faili nitakalolieleza nimelibadilisha sura hapa na pale. Kazi yenyewe ni ile ile.

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, nawaandalia watoto chai, natoka. Kutoka Kitengela kwenda mjini Nairobi usipopata matatu kabla ya saa kumi na mbili, foleni ya Mlolongo itakumeza.

Saa mbili. Niko ofisini. Nina mafaili matatu. La kwanza ni jibu la mwombaji aliyerekebisha alichoambiwa, nalipitisha. La pili halina michoro, nalirudisha. Nusu saa yote imekwisha hapo.

Saa mbili na nusu. La tatu. Kichwa chake kinasema moduli ya kaseti ya viunganishi vya faiba. Wale wenye umri wangu wakisikia kaseti hukumbuka muziki wa taarabu na kalamu ya kurudishia mkanda. Hii ni kaseti nyingine: kisanduku bapa cha plastiki, unaweza kukishika kwa kiganja kimoja. Nyuma kinaingia kiunganishi kimoja chenye nyuzi 12 za kioo, ndizo faiba zenyewe, zinazobeba data kwa mwanga, zilizopangwa kwa mstari, upana wake haufiki hata wa kidole gumba mara mbili. Ndani zile nyuzi zinatawanyika. Mbele zinatoka mbili mbili kwenye matundu sita ya jozi, kila ncha ikiwa imeshikwa na kifimbo cha kauri chenye kipenyo cha milimita 1.25. Fundi wa kituo cha data anakisukuma kisanduku hicho ndani ya trei, trei iko ndani ya raki, yaani kabati la mitambo, na kila ghorofa ya raki ina kimo cha milimita 44.45 tu. Nafasi ni finyu kama duka la Eastleigh. Ndiyo maana watu wanavumbua: anayeweza kubana nyuzi nyingi zaidi mahali pale pale bila kuziumiza ameokoa fedha nyingi.

Na hili si jambo la mbali na sisi. Mkongo wa SEACOM, kebo ya faiba inayopita chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa Julai 2009. TEAMS ukafika mwaka huo huo kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, EASSy ukafuata 2010. Picha unayotumiwa na binti yako aliye Doha inapita kwenye uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.125, na kabla haijafika kwako imevuka viunganishi vya namna hii mara kadhaa. Mwaka huo huo wa 2009 ndio Charles Kao alipopewa Tuzo ya Nobel, kwa kazi aliyoifanya Uingereza mwaka 1966 ya kuonyesha kwamba kilichokuwa kinazuia mwanga usifike mbali ni uchafu uliomo ndani ya kioo. Nikifungua faili la faiba humkumbuka. Alipoandika vile, wengi waliona ni ndoto.

Naanza na dai la 1. Madai ndiyo moyo wa hataza. Maelezo yanaweza kujaa kurasa 40 na michoro 15, lakini kinacholindwa ni yale madai, na kila dai huandikwa kama sentensi moja. Hili lilikuwa na mistari 19. Nalikatakata kama anayepasua kuku: shingo pembeni, bawa pembeni, paja pembeni. A, kisanduku chenye kifuniko. B, matundu sita mbele. C, kiunganishi cha nyuzi nyingi nyuma. D, njia ya ndani ya kuzipindishia nyuzi. E, ulimi wa plastiki ubavuni, unaonasa kwenye trei na kuachia ukibonyezwa kwa kidole kimoja, iwe kutoka mbele au kutoka nyuma.

Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe kitu ambacho fundi wa kawaida angekifikia mwenyewe, na kiweze kutumika viwandani. Kipya maana yake kipya duniani, si kipya Kenya. Nikipata waraka mmoja wa zamani, wa nchi yoyote, kwa lugha yoyote, wenye A mpaka E, dai limeanguka.

Saa tatu hadi saa tano. Kutafuta. Nyaraka za hataza zilizo wazi kwa umma zimepita milioni 150, na maneno huko hayaaminiki. Huyu ataita kaseti, yule moduli, mwingine kisanduku cha kugawia. Kwa hiyo tunatafuta kwa namba za uainishaji: G02B 6/38 kwa viunganishi vya faiba, G02B 6/44 kwa vifaa vya kuzipanga na kuzilinda nyuzi. Halafu unatazama michoro. Mamia ya michoro. Jicho lenyewe linajifunza, kama la mama anayechambua mchele. Kwenye saa nne na nusu, chai yangu imeshapoa, nikaupata. Waraka wa miaka kumi na tatu kabla ya ombi hili. Mchoro wa 7, namba 34, kamstari kembamba kanachoelekeza kwenye ulimi ubavuni mwa kisanduku. Nikasoma maelezo: unabonyezwa mbele au nyuma. A, B, C, D na E, vyote ndani ya waraka mmoja.

Saa tano na dakika kumi. Mlinzi ananipigia. Kuna wakili yuko mapokezi, wakala wa mwombaji, hana miadi.

Sikupaswa kumpokea bila miadi. Nikamwonea huruma kwa jua lile, nikashuka.

"Madam, hili ombi limekaa. Mteja ananiuliza kila siku."

"Wakili, ripoti inatoka wiki hii."

"Ripoti ya nini tena? Marekani wameshalikubali. Nimekuja na nakala." Akaiweka mezani, ina mhuri na utepe. Nzuri kweli.

Nikamwambia ukweli ambao yeye kama wakili anaujua kunishinda: Mkataba wa Paris, uliotiwa saini 1883, msimamo wake ni kwamba hataza ya nchi moja haiifungi nchi nyingine. Tunausoma uamuzi wa wenzetu, tunauheshimu, lakini tunaamua wenyewe. Akasema sawa, lakini Kenya ina wataalamu wangapi wa faiba wa kuwashinda Wamarekani? Hapo nikavuta pumzi. Nikamwomba tuisome ile nakala pamoja, mstari kwa mstari.

Dai la 1 lililokubaliwa kule lilikuwa na mistari 23. La kwetu lina 19. Ile minne ilikuwa nini? Masharti ya ziada, na dai likiongezewa masharti, kinacholindwa hupungua. Mkaguzi wa kule naye alikuwa ameona kwamba kisanduku chenye ulimi si kipya, na mwombaji akakubali kupunguza alichokuwa anakidai ili apate hataza. Kisha huku kwetu akaacha yale yale madai mapana ya mwanzo, kana kwamba hakuna aliyeyagusa.

Nilimwonyesha kwa kalamu. Akatazama. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hayo ni maneno tu, dadangu. Kitu ni kile kile."

Nitalieleza hili taratibu maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mistari ile minne ndiyo uzio wa shamba. Kuna vijana Industrial Area wanaounganisha visanduku vya aina hii kwa vipuri vya kuagiza, wanawauzia mafundi wa mitaani. Nikipitisha dai la mistari 19, nimempa mtu mmoja mamlaka ya kuwazuia vijana wale kwa kitu ambacho kimekuwa wazi kwa kila mtu kwa zaidi ya miaka kumi. Wao hawatakuwepo chumbani siku ninapoweka sahihi. Hawana wakili. Hawajui hata kama faili lipo. Kwa siku ile, wakili wao ni mimi.

Nilijaribu kumweleza hivyo. Alinijibu kwa sauti ya juu, watu wa mapokezi wakageuka, kwamba sisi ndio tunaowakatisha tamaa wavumbuzi wa Afrika, kwamba mteja wake atapeleka mitaji kwingine, kwamba nina roho ngumu. Nikamwachia aseme yote. Akarudia tena kuhusu Marekani. Nikarudia tena kuhusu mistari minne. Tukazunguka hivyo kama ng'ombe wa kinu cha simsim, na nilipotazama saa ya ukutani ilikuwa saa saba na robo. Aliondoka bila kunipa mkono.

Neno la kukatisha tamaa liliniuma. Nilisoma fizikia kwa sababu mwalimu wangu wa kidato cha tatu alipasua redio mbele yetu akatuonyesha sauti inapita wapi. Nampenda mvumbuzi. Nikimkatalia mtu huandika kurasa sita za sababu, kila sababu na ukurasa wake na namba ya mchoro, ili ajue hasa ni wapi alipokuwa amechelewa.

Githeri niliila mchana umeenda, imepoa, huku nasoma.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Kichwa kilikuwa kinagonga. Madai tegemezi, yale yanayoongeza jambo juu ya dai lililotangulia, yalikuwa mengine 14, na yaliyoanguka pamoja na la 1 yalikuwa mengi: rangi ya kifuniko, idadi ya matundu, lebo. Ningeweza kuandika "yote hayana hatua ya uvumbuzi" nikafunga faili. Uchovu hukushawishi hivyo, na wewe husikii kama ni uchovu, unaona kama umeshaelewa.

Nina kaseti moja kuukuu kwenye droo. Nilipewa na fundi wa faiba wa mtaani kwetu, alikuwa anaitupa. Nikaitoa, nikachukua bisibisi ndogo, nikafungua skrubu nne. Nilitaka tu kupumzisha macho kwenye kitu ambacho si skrini. Ndani nyuzi zimezunguka kama nywele zilizosukwa kwa haraka, na mahali zinapopishana zimepandana, moja juu ya nyingine. Nikakigeuza kifuniko kuelekea dirishani. Upande wake wa ndani, pale pale juu ya makutano, kulikuwa na mikwaruzo miwili myembamba, kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

Kifuniko kilikuwa kinazibana.

Uzi wa kioo haukatiki ukibanwa kidogo. Unavujisha mwanga tu, kidogo kidogo, na fundi anahangaika wiki nzima akibadilisha kila kitu isipokuwa kile kisanduku. Nikarudi kwenye faili. Dai la 9, ambalo asubuhi nilikuwa nimelipita kwa sekunde chache: ukuta wa ndani uliopinda, usiopungua milimita 7.5 za nusukipenyo, wenye ngazi katikati, nyuzi sita zikipita chini na sita juu, zisigusane wala zisifike kwenye kifuniko. Kumbe ndilo jibu la ile mikwaruzo. Na kumbe halikuwa lile lililopita Marekani. Wao walikubali kitu kingine.

Nikaanza kutafuta upya. Kukuta kitu kuna mwisho, ukikiona umemaliza. Kujiridhisha kwamba kitu hakipo hakuna mwisho, unaamua mwenyewe pa kusimama, na jina lako ndilo litakalokuwa chini. Nilipita kuta zilizopinda, za Wajapani, za Wajerumani, za Wachina. Nyingi zilipinda. Ngazi sikuiona. Nikaunganisha nyaraka mbili mbili, nikajiuliza kama fundi wa kawaida angefikia hapo bila kuambiwa. Kila nilipojaribu kumfikisha, ilibidi nimshike mkono kwa kutumia lile lile ombi lililo mbele yangu, na huo ni udanganyifu. Macho yalikuwa yanawasha. Kijana tunayefanya naye kazi akachungulia mlangoni, "Dada, tunafunga taa za koridoni." Nikamwambia aniachie ya mezani.

Nikaandika: *Dai la 1 si jipya, tazama mchoro wa 7. Dai la 9 ni jipya na lina hatua ya uvumbuzi. Mwombaji anaweza kuliingiza ndani ya dai la 1.* Ile sentensi ya pili niliisoma mara tatu kabla ya kumtumia bosi. Katika mwezi huandiki nyingi za namna ile.

Skrubu moja ya ile kaseti ilikuwa imeanguka chini ya meza. Sikuwa na nguvu ya kuinama.

Kwenye matatu, giza limeshaingia, tumekwama Cabanas, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa wakili: "Madam, nilikasirika asubuhi, samahani. Mteja bado ananiuliza. Tumefikia wapi?"

Nikamjibu kwamba ripoti imeshatoka kwangu, na kwamba ikimfikia aanzie ukurasa wa mwisho.