Samehe yaishe? Subiri kwanza

Yaani kuna kitu kinanikera kwenye vikao vya usuluhishi, viwe vya ukoo au vya kazini, mtu hajamaliza hata kueleza alichofanyiwa, mzee mmoja anadakia "basi mwanangu samehe yaishe", yaishe vipi wakati mwenzake hata hajakiri kitu?

Na ukibisha wanakutajia Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, ile ya Askofu Desmond Tutu iliyoanza kusikiliza watu 1996 kuhusu maovu ya enzi za ubaguzi wa rangi, eti si unaona wale walisameheana. Sawa, Tutu alihubiri sana msamaha, ila sheria ya tume haikumlazimisha mtu kusamehe, na cha kushangaza (mi mwenyewe kilinishtua) aliyeomba kinga ya kutoshtakiwa hakutakiwa hata kuomba radhi, alitakiwa aanike ukweli wote na aonyeshe alitenda kwa sababu za kisiasa. Familia ya Steve Biko, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi aliyekufa akiwa mikononi mwa polisi 1977, ilienda mahakamani kuipinga hiyo kinga, ikashindwa, ila wale polisi walioiomba kwa kifo chake walinyimwa 1999.

Kwangu mi ukweli na fidia ndo vinaanza, msamaha ukija ni bonasi. Mnaweza kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, mkaandikishana, na roho bado inauma, hamna shida. Kama we ndo unaendesha kikao muulize kwanza aliyeumizwa anataka nini, mara nyingi ni hela ya matibabu tu au jirani aache kupitisha ng'ombe shambani.