Tundu la Wavu Uwanjani Twaif

Mji wa Lamu umebanana. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro ni vya watu na punda, na ukipiga shuti mtaani Langoni bila hadhari mpira unaingia ukumbini mwa watu. Ndiyo maana jioni zetu za ujana ziliishia uwanja wa Twaif. Alasiri ikishaswaliwa, mtaa mzima unaelekea huko: wavuvi, mafundi seremala, wanafunzi, na wazee wanaoshindana kwa sauti juu ya nani alikuwa beki hodari zamani zao.

Siku hiyo wageni wetu walitoka Faza, kisiwani Pate. Timu ya Faza haiji Lamu saa yoyote ipendayo. Boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakishatoka unaweza kukwama hapo mpaka yajae tena. Walikuja na maji yanayojaa mchana, na nahodha wa boti akatuambia mapema kwamba wataondoka kabla ya magharibi. Tukakubaliana dakika 35 kila kipindi.

Nyavu zetu za goli zilikuwa jarife kuukuu, wavu wa kuvulia samaki. Kuna mvuvi mmoja wa Langoni, sote tukimwita Ami, aliyekuwa akizikagua kabla ya kila mechi. Asubuhi ile nilimkuta amechuchumaa nyuma ya nguzo na sindano yake ya kushonea nyavu, anapitisha uzi, anapima jicho la wavu kwa kidole, anakaza fundo kwa meno. Hakuna aliyemlipa.

Nilicheza namba mbili. Kipindi cha pili, bado sufuri kwa sufuri, winga wao alinipita upande wa nje na kuachia shuti kali la chini. Ghafla mpira ulikuwa nyuma ya goli, miguuni pa watazamaji. Faza wakaruka kushangilia. Sisi tukapaza sauti kwamba umepita nje ya nguzo na kuchana wavu wa pembeni. Refa alikuwa mbali, vumbi limetanda, na hakuwa na mshika kibendera upande ule. Sheria iko wazi, mpira mzima uvuke mstari katikati ya nguzo na chini ya mtambaa wa panya, lakini nani ameona? Watu wakaingia uwanjani. Kushikana mashati kulikuwa kumeshaanza.

Refa akamwita Ami. Wageni nao wakamtoa mvuvi wao mmoja, mtu mzima. Wale wawili wakapiga magoti mchangani, kelele zikapungua. Waliushika wavu kwa vidole, wakaugeuza, wakanong'onezana kama watu wanaokagua mali ya kununua. Kisha Ami akasimama, akatugeukia sisi wa nyumbani.

"Wanangu, hapa nimeshona mimi asubuhi, palikuwa pazima. Nyuzi zimekatika, na ncha zote zimesukumwa nje. Mpira umetokea ndani. Hili ni goli lao."

Kuna kijana alimwuliza vipi anawauza watu wake. Hakumjibu, alikuwa ameshatoa uzi mfukoni, anaziba tundu ili mechi iendelee. Mimi niliyepitwa na yule winga nilitamani sana aseme vingine, lakini tangu dakika ile sijamheshimu mtu uwanjani kuliko yeye. Angeweza kusema hajui, na asingelaumiwa na yeyote.

Mpira ukawekwa kati. Tulishambulia mpaka filimbi ya mwisho, tukafungwa moja kwa sufuri.

Hapakuwa na muda wa hotuba. Nahodha alikuwa ameshatuma mtu mara mbili kusema maji yanatoka. Tukawabebea mikoba mpaka gatini, wengine wakiwa bado na jezi zilizolowa jasho, mama mmoja akawapa mahamri ya njiani. Boti ikiwa imeshawashwa, yule winga akapiga kelele kwamba marudiano ni Faza, bamvua lijalo, maji makubwa yakirudi, na tuje na wavu wetu.

"Na Ami pia!" akaongeza.

Tulikwenda, na Ami alikaa mbele ya boti.