Nywele zangu ziligoma kunywa maji

Aliyenishtua ni dada anayenisuka. Alinimwagia maji kichwani, akasimama kidogo, akasema, "Dada yangu, mbona hizi nywele hazinywi maji?" Nikajipapasa. Kweli, matone yalikuwa yanateleza juu juu kama kwenye jani la mgomba, huku chini pakavu. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu tangu niache dawa ya kulainisha nywele. Kabati limejaa chupa, na bado ncha zilikuwa zinakatika kila nikishika chanuo.

Jioni nikapanga chupa zote kitandani, nikawasha tochi ya simu, maana maandishi ya nyuma ni madogo kama mayai ya chawa. Nilikuwa natafuta silikoni, vile viambato vya kutelezesha na kung'arisha nywele. Kwenye chupa huzikuti kwa jina hilo. Unatafuta maneno yanayoishia na "cone", "conol" au "siloxane". Kati ya chupa sita, tano zilikuwa nazo. Iliyoniuma zaidi ni ile ya mafuta ya argan niliyonunua Kariakoo kwa bei ya kuumiza: cyclopentasiloxane ya kwanza, dimethiconol ya pili, argan yenyewe iko mkiani jirani na manukato. Kwa kawaida orodha ile huanza na kilicho kingi na kushuka hadi kilicho kidogo, kwa hiyo nilichonunua ni silikoni iliyonusishwa argan.

Lakini nisizisingizie chupa peke yake. Mwaka mzima nilikuwa nimeacha shampuu ya povu kwa sababu nilisikia inakausha, nikawa naosha kwa kondishena tu. Sasa dimethicone haiyeyuki kwenye maji. Inaupaka unywele utando laini unaong'aa, na utando huo unataka sabuni ya kuuondoa. Mimi kila wiki nilikuwa naongeza tabaka jipya juu ya la zamani. Na hapa kwetu Dar, wengine tunaooga maji ya kisima yenye chumvi, hata hiyo kondishena haisuuziki vizuri.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuosha kweli. Nilinunua shampuu ya kawaida kabisa yenye sodium laureth sulfate, kile kiambato cha povu, nikaosha mara mbili siku moja, nikasuuza kwa maji ya bomba niliyoomba kwa jirani. Kisha kondishena nzito, kofia ya nailoni na taulo la moto nusu saa.

Sikutegemea kilichofuata. Nywele zilipokauka zilikuwa kama makumbi ya nazi. Nilikaribia kulia, nikanyoosha mkono kwenye siramu yangu ya silikoni, nikaurudisha. Zile ndizo zilikuwa nywele zangu halisi. Ung'avu wa awali ulikuwa umefunika ncha zilizopasuka miezi mingi. Wiki iliyofuata nilikata karibu inchi mbili. Hakuna mafuta yanayounga ncha iliyopasuka, ya asili wala ya dukani.

Badala ya siramu nilijaribu maji ya bamia. Yanateleza vizuri mno, nywele zinafumuka bila ugomvi. Shida yake ni kwamba ni chakula: umeme ulikatika, siku ya nne friji nzima ikanuka, na mume wangu akauliza kama tunapika mlenda au tunautengeneza. Niliyaacha. Kilichobaki ni mafuta ya nazi, lakini nimebadilisha wakati wa kuyapaka. Nayaweka usiku wa kuamkia kuosha, maana mafuta ya nazi yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Zamani nilikuwa nayapaka mwishoni, juu ya utando, kisha nashangaa mto umeloa mafuta.

Kuna watu watakuambia silikoni ni sumu. Mimi sikuona sababu ya kusema hivyo. Umoja wa Ulaya ulizibana D4 na D5, yaani silikoni mbili za jamii ya siloxane, katika bidhaa za kuoshwa na kusuuzwa, zisifike asilimia 0.1 kuanzia mwaka 2020. Hoja ilikuwa kwamba zinakaa muda mrefu kwenye mazingira ya maji. Kichwani kwangu tatizo lilikuwa wingi na uvivu wa kuosha.

Ndiyo maana sikuzitupa zote. Kondishena yangu moja ina amodimethicone, silikoni ambayo hung'ang'ania zaidi sehemu zilizoharibika, na nikifumua rasta za miezi miwili siikosi hata kwa dawa. Siramu nayo ipo kwa siku ya kupiga blodrai, kwani utando wake hupunguza makali ya moto kwenye unywele. Siku hiyo naweka matone mawili, na safari inayofuata ya kuosha lazima iwe ya povu. Wiki za kawaida shampuu ni moja kwa siku kumi hivi, kondishena isiyo na silikoni, basi.

Juzi nilirudi saluni. Yule dada akamwaga maji, yakazama. Kisha kwa mazoea akafungua chupa yake ya kung'arisha akajaza kiganja. Nikamshika mkono. "Ah, dada, utatoka hung'ai hivyo?" Nikamwambia anisuke twende kilioni, kung'aa nitang'aa Idi.