Jinsi nilivyotatua: potifolio za wanafunzi zilizokataa kufunguka

Jamani leo ndo napumua. Nafundisha stadi za mawasiliano chuoni, muhula huu tukahamisha insha zote kwenye potifolio ya mtandaoni, kila mwanafunzi anatengeneza saiti yake Google Sites na kuweka humo rasimu alizoandika Google Docs. Shida: kwake kila kitu kinaonekana, mimi nikifungua naona vichwa vya habari tu, pale penye insha naambiwa niombe ruhusa.

Tukapablishi upya, wapi. Tukabadilisha brauza, wapi. Wengine wakanitumia PDF kwa WhatsApp, rasimu zikachanganyikana kabisa.

Kumbe kupablishi saiti hakufungui faili lililomo ndani, faili lina ruhusa zake lenyewe. Basi kila mtu akafungua folda moja kwenye Google Drive, ghala la mafaili la mtandaoni, akahamishia insha zote humo, akaishea hiyo folda kwa yeyote mwenye linki, kutazama tu. Insha mpya ikiingia humo inarithi ruhusa, hakuna tena kushea moja moja.

Ila kilichotuokoa kweli ni hiki: kabla hajanitumia linki, mwanafunzi aifungue kwanza kwenye dirisha la inkognito, yaani la faragha ambalo brauza haiko ndani ya akaunti yake, maana akiwa ndani ya akaunti yake ataona iko sawa siku zote.

Na rasimu ya kwanza wapige kopi ibaki faili la peke yake, kwa sababu anayetazama tu haoni historia ya mabadiliko, na mimi hayo mabadiliko ndo nayatafuta kuliko hata insha yenyewe.