Anza na miguu ukiangalia picha za shule za zamani

Kama kwenu kuna picha ya darasa ya miaka ya sabini au themanini, zile za nyeusi na nyeupe, ianzie chini kuiangalia. Huku juu wote wako sawa. Vichwa vimenyolewa, mashati meupe, wasichana sketi za bluu, wavulana kaptula za kaki, na kwa vile picha haina rangi bluu na kaki zote zimeishia kuwa kijivu. Ukitoa kile kibao cha chaki huwezi kujua hapo ni Mwanza au Mtwara, na ilikuwa makusudi kabisa, mtoto wa Kitanzania afanane na mwenzake popote alipo.

Haya shuka miguuni. Picha ninayoisema mimi ni ya darasa la saba 1984, huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mama yangu yumo mstari wa pili. Waliokaa chini mbele karibu wote pekupeku, vumbi hadi magotini, wawili watatu wana katambuga za tairi, halafu katikati yao kuna msichana ana viatu vyeusi vya mkanda na soksi nyeupe zimevutwa vizuri mpaka chini ya goti. "Huyo baba yake alikuwa karani wa reli," mama anasema, "sisi wengine kwetu dagaa tu mwanangu, kiatu cha shule ungekitoa wapi." Shati alilovaa mama ni la kaka yake, ukiikuza picha kwenye simu unaona kola imeizidi shingo na mikono imekunjwa kunjwa. Na mwaka wenyewe ulikuwa mgumu, vita ya Kagera iliisha 1979 ikaacha nchi imechoka, sabuni foleni, kitambaa foleni, kwa hiyo kila shati jeupe unaloliona pale kuna mama wa mtu amelihangaikia.

Ninachokipenda ni kwamba wako kwenye picha moja. Hawa ni watoto wa UPE, ule mpango wa kila mtoto aende shule ya msingi uliotokana na Azimio la Musoma la 1974, hapo hapo kwenye ziwa letu, ndo maana picha imejaa mpaka wengine wameonekana nusu sura. Kabla ya uhuru shule ziligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na hao Waafrika wenyewe waliofika darasani walikuwa wachache. Miaka ishirini na kitu baadaye mtoto wa karani na mtoto wa mvuvi wamebanana bega kwa bega na shamba la shule wanalima wote. Tofauti ya kipato ilikuwepo, wala sijifanyi haikuwepo, ila waliiona kila siku wakiwa dawati moja.

Hata picha yenyewe ilikuwa ya kununua. Linapigwa darasa zima ila wanaoondoka na nakala ni wale ambao kwao kuna hela, mama hakuwahi kuwa nayo, sura yake ya utotoni kaja kuiona ukubwani baada ya mwenzake kuirusha kwenye grupu la WhatsApp, akanyamaza kwanza ndo akaanza kutaja majina.

Sasa angalia picha za mahafali za siku hizi hapa Mwanza. Mtoto wa chekechea wa inglish midiam ana joho na kofia, tai, nyuma yake basi la shule la njano. Jirani yake anayesoma kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, naye ana picha, ya rangi, ya simu, na viatu anavyo. Ada shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, wanasoma wengi kweli, hilo jambo kubwa na nalishukuru. Ila hao wawili wanakaa mtaa mmoja na hutawakuta kwenye picha moja ya shule hata siku moja, na inaniuma kwa sababu huyu wa joho atakua bila kumjua mwenzake kwa jina.

Mwenye picha za miaka hiyo za Igombe, Kayenze, Kirumba au ng'ambo Sengerema naomba azipige vizuri kwa simu anitumie, na wazee wakiwa bado wapo waulizeni majina yote ya waliomo, hasa ya wale pekupeku maana wengi wao nakala hawakupata.